Uchambuzi wa kisa: taverni iliyohamishwa nzima, na miaka 53 kabla haijarudi kuwa taverni

Kwa nini kisa hiki

Wanaofanya kazi kwenye makumbusho ya wazi, yale ya nyumba zilizopangwa uwanjani unatembea kutoka moja kwenda nyingine, wanarudi kwenye swali lilelile kila wakipata jengo jipya: ukishaokoa nyumba, umeokoa nini hasa? Mbao? Sura? Au ile kazi iliyokuwa inafanyika humo ndani? Mimi kisa ninachokirudia kila nikifikiria swali hili ni Eagle Tavern, nyumba ya wageni yenye baa iliyojengwa pembeni mwa barabara huko Michigan, Marekani, karibu mwaka 1831, ambayo leo iko Greenfield Village, makumbusho ya wazi ya Dearborn jirani kabisa na Detroit. Nyumba ilihamishwa, ikafunguliwa, ikatunzwa vizuri, na bado kwa zaidi ya nusu karne watu walikuwa wanaingia wanatoka bila kujua taverni ilikuwa kitu gani.

Watu wa kihistoria wanaojulikana hadharani nimewataja. Familia ya mwisho iliyoishi kwenye nyumba hiyo, wafanyakazi na wageni wa sasa sijawataja majina wala kitu cha kuwatambulisha, kisa kinaeleweka bila hayo.

Mazingira: barabara kwanza, nyumba baadaye

Huwezi kuielewa nyumba hii bila kuielewa barabara, kwa hiyo naomba uvumilie kidogo hapa. Kabla ya wazungu kuingia kwa wingi kulikuwa na njia ya miguu, Sauk Trail, iliyokuwa inatumiwa na Wasauk, Wapotawatomi na wenyeji wengine kutoka upande wa mto Mississippi mpaka Detroit. Mwaka 1825 serikali ya Marekani ikatoa hela ya kupima barabara ya Detroit mpaka Chicago, na mtu aliyeipigania sana bungeni alikuwa padri, Gabriel Richard, mjumbe wa Michigan wakati ule. Wapimaji walifuata ileile njia ya wenyeji kwa sehemu kubwa, manake ilikuwa tayari inakwepa mabwawa na kupita panapopitika.

Mwaka huohuo wa 1825 ukafunguliwa mfereji wa Erie kule New York. Ghafla familia za mashariki zinaweza kupanda boti, kuvuka ziwa Erie, kushuka Detroit na mizigo yao yote, halafu kuingia bara kutafuta shamba. Kwa hiyo unapata barabara na unapata watu wa kuitumia kwa wakati mmoja, na vijiji vikaanza kuota pembeni mwa njia. Kimoja ni Clinton, umbali wa kilomita 80 na kitu kutoka Detroit, kilichopewa jina la DeWitt Clinton, gavana wa New York aliyeusimamia ule mfereji.

Barabara ilikuwa barabara kwa jina tu. Penye tope wanalaza magogo ya miti yakiwa yamekingama njia, gari la farasi linapita juu yake linaruka kila gogo, na abiria ndani wanagongana mabega siku nzima. Farasi wanachoka haraka, lazima wabadilishwe kila baada ya mwendo fulani, na watu lazima wale na walale. Hapo ndipo taverni inapoingia. Ile ya Clinton, ambayo ndiyo Eagle Tavern yetu, ilianza kwa jina la Parks Tavern, nyumba ya mbao yenye ghorofa na baraza mbele, na mtu akiliona baraza lile kwa mbali baada ya siku nzima ya kurushwarushwa alikuwa anajua leo atalala.

Kilichokuwa kinafanyika humo

Hii ndio sehemu wengi wanairuka na ndio yenye utamu.

Taverni ya barabarani ya Marekani katikati ya karne ya 19 ilikuwa gesti, baa, mgahawa, kituo cha gari la abiria, sehemu ya kupata habari za mji na ukumbi wa shughuli, vyote chini ya paa moja. Msafiri haagizi chakula anachotaka. Kengele inalia, watu wanakaa meza moja ndefu na wasiowajua, vyakula vinaletwa kwenye sahani kubwa, kila mtu anajihudumia, na kilichopo ndicho kilichopo. Kitanda pia unaweza kulala na mtu ambaye hujawahi kumwona maishani. Wanaume wana chumba chao cha baa na cha kukaa, wanawake wana sebule yao pembeni wasije wakakaa kwenye moshi na kelele. Juu kuna ukumbi wa kucheza dansi, na huo ni wa watu wa hapohapo kijijini zaidi kuliko wasafiri, msimu wa baridi ukifika na kazi za shamba zimelala ndio wanakuja kucheza.

Kuanzia 1849 mpaka 1854 nyumba iliendeshwa na mtu anaitwa Calvin Wood, na kipindi chake inajulikana kama Eagle Tavern. Wood alikuwa mkulima pia, kitu cha kawaida kwa wenye taverni wa kule, kwa hiyo sehemu ya kilichofika mezani kilitoka shambani na sio sokoni. Kazi nzito ya nyumba za namna hii, kupika, kufua, kutandika, kumwaga maji machafu, ilikuwa mikononi mwa mke wa mwenye nyumba na wasichana wa kazi. Tafadhali liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Halafu pombe. Katiba ya Michigan ya 1850 ilikataza bunge la jimbo kutunga sheria ya kutoa leseni za kuuza vileo. Ukiisoma haraka unadhani pombe imepigwa marufuku, hapana, kilichotokea ni kwamba hakuna leseni lakini pia kuuza kwenyewe hakujakatazwa, watu wakaendelea kuuza bila usimamizi mpaka sheria za marufuku zenyewe zilipokuja, 1853 na 1855. Yaani Wood alikuwa nyuma ya kaunta yake hasa kwenye ile miaka ambayo Michigan nzima inabishana kama kaunta hiyo iwepo au isiwepo. Vyama vya kupinga ulevi vilikuwa na nguvu, na wenye taverni wengi waliweka vinywaji baridi visivyo na kilevi kwa ajili ya wateja wa upande huo.

Mlolongo wa mambo

1852 reli mbili za Michigan zikafika Chicago, zote mwaka mmoja. Safari iliyokuwa ya siku nyingi za kurushwa juu ya magogo ikawa ya kukaa kwenye behewa. Magari ya farasi ya masafa yakakosa abiria, na nyumba zilizoishi kwa abiria wale zikabaki na wateja wa kijijini na mtu mmojammoja anayepita. Wood akatoka miaka miwili baadaye. Miaka ya 1860 nyumba ikaenda kwa familia nyingine ambayo ikakaa nayo muda mrefu sana, kwanza kama hoteli ndogo, mwishoni kama nyumba ya mwanamke mzee wa familia ile aliyebaki nayo.

1927 Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari na mwanzilishi wa Greenfield Village, akainunua. Mwaka huohuo ndio alifunga uzalishaji wa Model T baada ya kutengeneza magari milioni 15. Gari lile ndilo lililokuwa limeirudishia barabara ya Chicago watu wake, ila watu sasa wanapita kwa kasi hawalali Clinton. Na taverni za zamani zilikuwa zinaanguka zenyewe, au zinabomolewa kupisha barabara pana.

Kati ya 1927 na 1929 nyumba ikahamishwa kutoka Clinton kuletwa Dearborn, kama kilomita 70 hivi. Kazi za namna hiyo kwenye kijiji cha Ford zilikuwa chini ya Edward Cutler, mchoraji wake wa majengo: unapima, unachora, unaweka namba kwenye vipande, unafungua, unasafirisha, unaunganisha upya. Nyumba za mbao za enzi zile zimekazwa kwa nguzo na boriti zilizotobolewa na kupigiliwa vijiti vya mbao kwenye maungio, kwa hiyo zinafunguka vizuri kuliko za matofali.

Oktoba 21, 1929 kijiji kikazinduliwa rasmi kwenye sherehe ya miaka 50 ya taa ya umeme ya Edison, Edison mwenyewe yupo, Rais Hoover yupo. Umma ukaanza kuingia 1933. Taverni ikapewa jina la Clinton Inn, ikawa mahali pa chakula: wanafunzi wa shule alizozianzisha Ford palepale kijijini walikuwa wanakula mchana humo, na wageni pia wakawa wanalishwa. Ford akafariki 1947. Nyumba ikaendelea hivyohivyo.

1982 ndio mambo yakageuka. Makumbusho wakaifungua upya kwa jina la Eagle Tavern, mwaka unaoigizwa humo ndani ukiwa 1850, mwenye nyumba akiwa Calvin Wood.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika

Uamuzi wa kwanza, kuhamisha. Ford alikuwa na lalamiko moja la kweli ambalo mimi naliheshimu mpaka leo, kwamba vitabu vya historia vimejaa vita na wanasiasa na havisemi mtu wa kawaida alilima kwa chombo gani, alisafiri vipi, alikula nini. Kijiji chake, ambacho leo kina majengo karibu 100, kilikuwa jibu lake. Na taverni za zamani alizipenda sana, 1923 alishanunua Wayside Inn ya Sudbury, Massachusetts, nyumba ya wageni iliyoanza 1716, na 1924 akanunua Botsford Inn ya Farmington hapohapo Michigan, ambako yeye na mkewe Clara walikuwa wakienda kucheza dansi ujanani. Ile ya Clinton aliiona ikiwa peke yake haina biashara, na kijiji chake kilikuwa kinahitaji taverni pembeni ya uwanja wa kati. Kwa akili ya 1927 uamuzi unaeleweka kabisa.

Uamuzi wa pili, kuifanya iwe nzuri. Kipindi kile Wamarekani wenye pesa walikuwa wamependa mtindo wa enzi za ukoloni wao, fanicha za zamani, meko makubwa, vyombo vya bati vimepangwa kabatini. Nyumba za zamani nyingi zilipambwa kwa ladha hiyo hata kama zenyewe ni za miaka mingi baada ya ukoloni. Nyumba ya 1831 ya Michigan ya walowezi wapya, wakati Michigan bado haijawa jimbo (ilikuwa 1837), haikuwa na sababu ya kufanana na nyumba ya Boston ya 1770.

Uamuzi wa tatu, bila pombe. Ford hakunywa na alipinga ulevi waziwazi, na hata angetaka isingewezekana, Michigan ilipiga marufuku 1918 na nchi nzima kuanzia 1920 mpaka 1933. Kwa hiyo nyumba ambayo kaunta yake ilikuwa moyo wa ubishi wa karne ya 19 ikafunguliwa bila hata kuutaja huo ubishi. Kimya hicho kilidumu miongo mingi baada ya marufuku kuisha, na hapo ndipo naona udhaifu, manake marufuku ingeweza yenyewe kuwa somo: miaka ya 1850 Michigan ilijaribu, 1918 ikajaribu tena, na wewe umesimama kwenye chumba chenyewe kinachobishaniwa.

Uamuzi wa nne, ule wa 1982, nataka nikae nao zaidi.

Miaka ya 1970 makumbusho mengi ya wazi Marekani yalikuwa yameanza kuachana na vyumba vya kuchungulia kwa kamba mlangoni, wakaanza kurudisha kazi: mtu anafua chuma kweli, anasuka kweli, anapika kweli. Kwa taverni swali likawa ni kazi gani ya kurudisha, na jibu lilikuwa mbele ya macho muda wote kwa sababu nyumba tayari ilikuwa inalisha watu. Kilichohitajika ni chakula chenyewe kiwe cha taverni, na mezani pawe pa taverni. Lakini cha mwaka gani? Nyumba imeishi miaka karibu 100 pale Clinton, na kila muongo una stori yake.

Walichagua 1850, na nikiutazama mwaka huo naona jinsi ulivyo mzuri kwa mtafiti. Sensa ya Marekani ya 1850 ndio ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru ndani ya kaya, kabla ya hapo walikuwa wanaandika mkuu wa kaya tu na wengine wanahesabiwa. Sensa hiyo pia ilikuwa na fomu za kilimo, mkulima ana ng'ombe wangapi, amevuna mahindi kiasi gani, ametengeneza siagi kiasi gani. Yaani unaweza kujua sahani za wilaya ile zilijazwa na nini. Ongeza katiba mpya ya mwaka huohuo na ubishi wa pombe. Ongeza kwamba reli bado miaka miwili, gari la farasi bado linapita mlangoni. Ukichagua 1835 mtu wa kumtaja jina anakuwa mgumu kupatikana na nyaraka ni chache, ukichagua 1870 barabara imeshanyamaza.

Baada ya kuchagua mwaka, mengine yote yakapata kipimo. Taa za aina gani? Za 1850. Mwenyeji anayekupokea mlangoni ni nani? Anaweza kuwa Calvin Wood mwenyewe, mtu aliyevaa na kuongea kama yeye. Chakula gani? Kilichokuwepo Michigan kusini mwaka 1850, kwa msimu.

Matokeo

Leo ukiingia pale unapewa orodha ya vyakula inayobadilika kwa msimu. Masika ni vitu vya masika, vuli ni mizizi, maboga, nyama ya nguruwe, pai ya kuku. Ukitaka nyanya mbichi mwezi wa nne hupati, na mhudumu atakueleza kwa nini, na hapo mtu anajifunza kuhusu 1850 kwa njaa yake mwenyewe, somo ambalo kibao cha maelezo hakiwezi kulifundisha hata kikiandikwa vipi. Meza ni za kushirikiana. Mwanga ni wa dirishani na mishumaa. Baa imerudi, na vinywaji viko vya aina mbili, vyenye kilevi na vile baridi vya watu wa kupinga ulevi, kwa hiyo ubishi wa katiba upo mezani mwako hata kabla hujafungua mdomo.

Na kinywaji kinakuja na mrija. Mrija wenyewe ni makaroni, tambi moja ndefu nene yenye tundu katikati, kavu haijapikwa. Unavuta kinywaji kupitia tambi. Inaanza imara, baadae inalainika kidogo mdomoni, na kila mtu mezani anaishika anaitazama kwa mwanga kuona lile tundu, na hapo watu wasiojuana wameshaanza kuongea. Hakuna plastiki 1850, ila tambi yenye tundu jikoni ipo. Mimi nakiona hiki kijikitu kidogo kama kazi bora kabisa ya kufundisha niliyowahi kuona kwenye makumbusho yoyote, kwa sababu mtafiti amekitoa kwenye kumbukumbu za enzi akakiweka mdomoni mwa mgeni bila hotuba.

Jiko la nyuma ni la kisasa, lazima liwe hivyo kisheria. Msimu wa baridi kijiji kinafungwa na taverni nayo.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Cha kwanza, kuchagua mwaka mmoja. Nimeona mipango mingi ya kuhifadhi nyumba za zamani ambapo wahusika wanataka kueleza miaka yote kwa pamoja, chumba hiki cha 1840, kile cha 1900, ngazi za 1880, na mgeni anatoka amechanganyikiwa akikumbuka tu kwamba ilikuwa ya zamani. Eagle Tavern wameacha miaka karibu 90 ipite ili mitano ya Wood ikae vizuri. Inauma, lakini bila kuacha vitu hupati kitu.

Cha pili, kurudisha kazi badala ya sura. Miaka ya Clinton Inn nyumba ilikuwa na sura na hata chakula kilikuwepo, ila kilikuwa chakula cha mchana cha kawaida ambacho ungekula popote. Tofauti ya 1981 na 1983 kwa mtu aliyeketi pale haikuwa kwenye ukuta, ilikuwa kwenye sahani na kwa aliyekaa pembeni yake.

Cha tatu ni kwamba kazi inalipa. Chumba cha kuchungulia kinakula bajeti tu. Taverni inayolisha watu inaingiza hela, na muhimu zaidi inalazimisha watu waendelee kujua: kila mpishi mpya lazima afundishwe, kila mhudumu mpya lazima aelewe kwa nini leo hakuna nyanya. Maarifa yanayotumika kila siku hayalali kwenye faili.

Kilichofeli

Barabara. Hili ndilo pengo kubwa na haliwezi kuzibwa. Taverni haikuwa nyumba nzuri iliyotokea kuwa karibu na barabara, ilikuwepo kwa sababu ya barabara. Ukiiweka uwanjani pembeni ya kanisa dogo na majani yaliyokatwa vizuri umeigeuza kuwa nyumba ya kijijini. Na angalia Ford alivyofanya kwa zile nyingine: Wayside Inn aliiacha palepale, lakini akagharamia barabara kuu ichepushwe ipite mbali nayo, na Botsford Inn akaisogeza nyuma kutoka barabarani. Taverni tatu, na zote tatu zikatenganishwa na msafiri. Aliziokoa kutoka kwenye magari, ambayo mengi yao ndio hayohayo ya kiwanda chake, na nia ilikuwa njema, kelele na moshi na mitetemo vingezimaliza. Lakini mtu aliyezizoea taverni kama sehemu za dansi za ujanani alihifadhi utulivu ambao taverni yenye biashara haikuwa nao. Kinachouma zaidi ni kwamba Dearborn yenyewe iko kwenye barabara ileile ya Chicago, leo inaitwa Michigan Avenue, ipo karibu tu kaskazini mwa kijiji. Nyumba ilisafiri kilomita 70 kutoka sehemu moja ya barabara yake mpaka nyingine, halafu ikageuziwa uso pembeni.

Kijiji cha Clinton. Wao walipoteza jengo lao la zamani lenye umuhimu na walichobakiza ni jina tu, na 1982 hata jina lilitoka mlangoni. Kihistoria Eagle Tavern ni jina sahihi, sipingi, ila jina la Clinton lilikuwa ndio uzi wa mwisho unaoonekana. Kama ningeshauri ningesema andika asili yake kubwa mlangoni, mgeni ajue kabla hajakaa kwamba nyumba hii ina kwao.

Waliokuwa jikoni. Mwenyeji anayekupokea ni Calvin Wood. Vizuri. Lakini taverni iliendeshwa na wanawake, na jikoni pale palipokuwa moyo wa kazi leo ni pa kisasa na pamefichwa. Kwa hiyo kazi iliyorudishwa ni ile ya mbele, ya kupokea na kumimina, na kazi ya nyuma iliyokuwa nzito zaidi haionekani. Tatizo hili lina suluhisho, mtu mmoja tu wa kueleza saa ngapi msichana wa kazi aliamka, maji aliyachota wapi, mashuka ya kitanda cha watu wawili wasiojuana yalifuliwa kila baada ya muda gani. Ni maswali ambayo mgeni anauliza mwenyewe ukimpa nafasi.

Na wenye njia. Barabara iliyozaa taverni ilikanyagwa na wenyeji kwanza. Mkataba wa Chicago wa 1833 na uhamishaji wa nguvu wa Wapotawatomi mwishoni mwa miaka ya 1830 ulitokea wakati Parks Tavern inapokea wageni, na wageni hao wengi walikuwa wanaenda kuchukua ardhi ileile. Ukichagua 1850 unaingia baada ya hayo kuisha, meza imeshapangwa. Huu ndio upande mbaya wa kuchagua mwaka mmoja, na anayeiga njia hii lazima ajiulize mapema: mwaka niliouchagua umemwacha nani nje ya mlango?

Mahali pengine walichagua tofauti

Kihistoria mfano wa makumbusho haya ya wazi ni Skansen ya Stockholm, iliyofunguliwa 1891 na Artur Hazelius, na hapo ndipo wazo la kuhamisha nyumba nzimanzima lilipata nguvu. Lakini sio njia pekee. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, nyumba zake zimejengwa hapohapo kwa ufundi wa jamii zenyewe, kwa hiyo kilichohamishwa ni ujuzi wa mikono. Nyumba ya miti na nyasi hata hivyo inahitaji kujengwa tena kila baada ya miaka, na kila ikijengwa fundi lazima awepo. Mtu wa Greenfield Village ana mbao halisi za 1831 na akakaa miaka 53 bila kujua azifanyie nini, mtu wa Kijiji cha Makumbusho hana mbao za 1831 ila akikosa fundi mwaka huu nyumba itaanguka mwaka kesho, na hofu hiyo inamlazimisha kutunza ujuzi. Mimi naona makumbusho yenye majengo halisi yangefaidika sana na hofu hiyo.

Mfano wa karibu zaidi upo kwenye barabara ileile. Ukitoka Clinton ukaenda magharibi kidogo unafika Cambridge Junction, na hapo ipo Walker Tavern, ya miaka ileile ya 1830. Miaka ya 1920 ilinunuliwa na mchungaji mmoja akaifanya sehemu ya vitu vya kale kwa watalii wa magari, baadae ikawa mali ya jimbo la Michigan. Haijahamishwa. Ipo kwenye makutano ya barabara palepale magari ya farasi yalipokuwa yanasimama, na ukisimama mlangoni unaelewa kwa sekunde moja kwa nini mtu alijenga hapa na sio pengine. Ila ni jengo la maonyesho, chakula cha jioni hukipati.

Kwa hiyo Michigan ina taverni moja yenye barabara bila meza na nyingine yenye meza bila barabara, na anayefundisha mambo haya au anayeyapenda tu anaweza kuziunganisha mwenyewe kwa siku moja. Anzia Walker asubuhi, simama kwenye makutano uangalie pande zote. Halafu shika US-12 kuelekea mashariki, ambayo ndiyo barabara ya Chicago yenyewe, pita katikati ya Clinton taratibu, usikimbilie njia kuu ya kasi hata kama ramani ya simu inakuambia. Mpaka Dearborn ni zaidi ya saa moja kidogo kwa gari, ukiondoka saa nne utafika na njaa ya kutosha, na kama ni mwezi wa nne usitegemee nyanya.